Kompyuta Inayonusa Moshi wa Gari Letu

(Likoni, mwaka 1995, uwanja wa nyuma ya soko. Mwenyekiti Faki Ishaka amesimama mbele ya chumba kipya cha matofali. Mlango wa chumba una kufuli, na ukutani limechomoza bomba la moshi likitazama hadhira. Anapiga kipaza sauti kwa ukucha, anakipuliza, anakohoa kidogo kwa heshima, kisha anaanza.)

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, Bwana Gershom, uliyetoka makao makuu na ukavuka kivuko kwa miguu yako mwenyewe baada ya gari lako la serikali kukataa kuwaka kule upande wa kisiwani, jambo ambalo peke yake ni ushahidi tosha wa haja ya mradi huu. Waheshimiwa mliokaa kwenye viti vyenye mito. Waheshimiwa mliokaa kwenye viti visivyo na mito. Wastahiki mliosimama kwa hiari yenu. Mashekhe na wachungaji. Wenye magari, waliowahi kupanda magari, na waliowahi kuyasukuma. Akina mama wa chama cha ngoma ya lelemama mliokuja na leso za sare. Mafundi, makuli, wauza samaki. Watoto mliopanda juu ya ukuta, shukeni. Na wewe Rama, opereta wetu mkuu wa kompyuta, uliyevaa koti jeupe la kitaalamu na kukaa hapo mbele kwa utulivu wa kisayansi: asalamu aleikum, Bwana asifiwe, hamjambo, na tena hamjambo!

(Makofi. Rama anajikuna shingo, koti linambana.)

Mimi, kama mnavyojua na kama msivyojua, ndimi Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Hewa, Mafuta na Maendeleo ya Injini, na pia Mwenyekiti wa Kamati Kubwa inayoisimamia hiyo Kamati Ndogo, na, kwa unyenyekevu mwingi, mjumbe pekee wa kamati zote mbili, hali iliyotuwezesha kufikia maamuzi yote kwa kauli moja. Leo nina furaha. Nasema nina furaha, jamani! Furaha imenijaa hata viatu vinanibana. Usiku kucha sikulala, nikimwamsha mke wangu Mwanatabu na kumuuliza kama kumekucha, naye akinijibu kama mke anavyomjibu mume wakati huo, maneno ambayo si ya kurudiwa mbele ya mgeni.

(Kicheko upande wa kina mama.)

Kabla sijazama kwenye kina cha hotuba, tujifunze wito wetu rasmi, ambao Bwana Gershom ataubeba hadi makao makuu ukaigwe na nchi nzima. Mimi nikisema "Hewa!", nyinyi mtajibu "Mafuta!" Hewa!

(Umati: "Mafuta!")

Hewa!

(Umati: "Mafuta!" Mtoto juu ya ukuta: "Samaki!")

Huyo ashushwe.

Sasa, mabibi na mabwana, tukumbushane tulikotoka. Tarafa yetu ina gari lake, pikapu iliyonunuliwa kwa harambee, kila mtu akitoa alichonacho, na mwenye kuku alitoa kuku. Gari lile limebeba maiti wetu na maharusi wetu, mara nyingine siku moja, Mungu atusamehe. Gari lile ndilo linalopishwa kivukoni likiwa na mgonjwa, madereva wa malori wenyewe wakisogea pembeni. Lakini likaanza kuugua. Likawa likipanda kilima kidogo tu linatoa moshi mweusi tititi, mpaka wafuasi wa jeneza wanafika makaburini wamesawijika nyuso, na wenyeji wa makaburi wanadhani msiba umewaingia sana.

(Kicheko.)

Ndipo mimi, kwa mujibu wa fizibiliti stadi niliyoifanya mwenyewe nikiwa nimekaa, nikang'amua kiini cha tatizo, na hapa naomba utulivu kwa sababu tunaingia kwenye sayansi. Injini hula vitu viwili, hewa na mafuta. Ni kama mama anayepika wali, maji na mchele. Maji yakizidi, huo si wali, ni uji wa harusi iliyovunjika. Maji yakipungua, unatafuna kokoto. Na injini nayo ina kipimo chake, hewa sehemu kumi na nne na nukta saba kwa petroli sehemu moja. Msiniulize hiyo nukta saba imetoka wapi. Ikizidi petroli, gari linatoa moshi mweusi na kunywa mafuta kama mlevi wa mwisho wa mwezi. Ikizidi hewa, linakohoa na kuzima katikati ya njia panda. Je, nani atakaa ndani ya bomba la moshi apime? Nani, nauliza! Rama?

(Rama anatikisa kichwa kukataa.)

Hakuna! Kwa hiyo wazungu wakatengeneza senza. Senza ni kama pua. Inatiwa ndani ya bomba la moshi, inanusa kama petroli imechomeka yote au imebaki mbichi, halafu inapeleka umeme kidogo sana, usioweza hata kumsisimua mende, unapita kwenye waya mpaka kwenye kompyuta. Na kompyuta, ndugu zangu, haisahau! Fundi wa kawaida atasikiliza injini, atasema "kabureta hiyo", ataenda kunywa chai, akirudi kasahau kama alisema kabureta au plagi. Kompyuta inaandika kila nukta, gari likiguruma, likipanda, likishuka, hewa kiasi gani, mafuta kiasi gani, yote inayahifadhi, na hata baada ya miaka mia mjukuu wako atauliza, "Gari la babu lilivuta pumzi gani pale penye kona ya soko?", naye atajibiwa kwa desimali. Huo ndio uhifadhi wa data! Hiyo ndiyo implementesheni!

(Makofi makubwa. Bwana Gershom anaandika.)

Ndiyo sababu, miezi minane iliyopita, nililichukua gari la tarafa na kuliingiza ndani ya chumba hiki mnachokiona nyuma yangu, likafungwa waya za kila rangi, na tangu siku hiyo limo humo linasomwa usiku na mchana. Bomba hili mnaloliona limechomoza ukutani ndilo pumzi yake.

(Sauti ya bibi mmoja mzee, Bi Mwanatatu, kutoka safu ya pili: "Gari li wapi, Faki? Mbona halingurumi?")

Shikamoo mama. Huyo ni Bi Mwanatatu, niliyemwalika mwenyewe, mama yetu sote, na amekaa na binti yake Dhahabu, ambaye kama mnavyoona ana ujauzito uliotimia. Mama, swali lako ni zuri, na lilitegemewa na kamati. Gari halingurumi kwa sababu mngurumo nao tumeuhifadhi.

(Kicheko. Bi Mwanatatu: "Mwahifadhi hata mngurumo! Mkunga wa zahanati amenambia mtoto wa Dhahabu amekaa vibaya, hazaliwi huku, ni hospitali kubwa ng'ambo ya kivuko. Na safari ya kukaa kitini huyu haiwezi, ataka alale. Uliniahidi leo watoa gari!")

Niliahidi! Mama, mbele ya mgeni nasema niliahidi, na mimi Faki nikiahidi nimeahidi. Dhahabu mwanangu, tulia, leo ni siku ya uzinduzi, na baada ya hotuba, na baada ya kukata utepe, na baada ya soda, gari litatoka humo likiwa limepona, utalazwa nyuma kwenye godoro kama malkia. Makofi kwa Dhahabu!

(Makofi. Dhahabu hapigi. Ameshika mkono wa mama yake.)

Sasa takwimu. Hotuba isiyo na takwimu ni chai isiyo na sukari. Tangu mradi uanze, moshi mweusi Likoni umepungua kwa asilimia mia moja na arobaini. Matumizi ya petroli ya gari la tarafa yamekuwa sifuri, naomba mrudie moyoni, sifuri, jambo ambalo halijawahi kufikiwa hata Ulaya. Ajali za gari hilo katika miezi minane, sifuri. Pancha, sifuri. Hao wa Changamwe na Kisauni wakisikia takwimu hizi wanaumwa tumbo, na nimeambiwa mwenyekiti mwenzangu wa Changamwe alijaribu kuanzisha mradi kama huu kwa kutumia kikokotoo. Kikokotoo! Tumcheke kidogo.

(Umati unamcheka kidogo.)

Imetosha, tusimzidishie. Mtaniuliza, Mwenyekiti, hizo data mmezihifadhi wapi? Tumezihifadhi kwenye floppi. Hii hapa! Naishika kwa ncha za vidole, maana haipendi jasho. Kibapa hiki cheusi kina pumzi zote za gari letu. Floppi zenyewe tumezihifadhi ndani ya kopo la samli, kopo liko ndani ya kasha, kasha liko chini ya kitanda, na juu ya kitanda nalala mimi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini kwangu akiinama atanikuta macho. Kulitokea hitilafu moja ndogo tu ya kiufundi, pale mke wangu alipoziona zina unyevu akazianika juani pamoja na papa wa kukausha, zikajikunja. Lakini wataalamu wamenihakikishia kwamba data iliyoanikwa haiharibiki upesi, kama papa vilevile.

(Kicheko kirefu. Bwana Gershom ameacha kuandika.)

Naona Bwana Gershom anatazama mlango. Bwana Gershom, wewe ndiwe utakayeamua kama Likoni itapewa kile kikombe kilichofunikwa kitambaa hapo mezani, Kikombe cha Tarafa Bora ya Teknolojia, na mimi si mtu wa kumharakisha mgeni, ingawa nimeshamwagiza fundi seremala apige rafu ya kukiweka. Ningependa sana uingie ndani ujionee. Lakini kompyuta, mheshimiwa, hushikwa na virusi, vitabu vyote vinasema hivyo, na mimi tangu nianze kuhutubia nimesikia watu hapa wakikohoa. Siwezi kuhatarisha mali ya umma kwa mafua. Badala yake, tumeandaa onyesho! Nikigonga meza, injini ndani itawaka kidijitali, na moshi utapita kwenye bomba hili mbele ya macho yenu. Mtaona moshi uliopimwa. Hesabuni nami! Moja! Mbili! Mbili na nukta saba!

(Anagonga meza. Hakitoki kitu. Anagonga tena, kwa nguvu zaidi, na glasi inaruka. Moshi mwembamba mweupe unatoka kwenye bomba.)

Huo! Huo! Allah! Tazameni! Mweupe kama kanzu ya Idi! Uko wapi ule moshi mweusi? Uko wapi? Umeshindwa! Piga vigelegele, kina mama, msione haya, hii ni siku ya kupasua koo!

(Vigelegele. Upepo unaugeuza moshi kuelekea hadhirani. Vigelegele vinakatika kimoja kimoja. Kina mama wanatazamana, wananusa.)

Mbona mmenyamaza?

(Sauti ya kina mama: "Huo si moshi wa gari, ni udi!" "Ni udi wa mawardi!" "Yuafukizwa nani humo ndani?" Uwanja mzima unaangua kicheko.)

Utulivu! Naomba utulivu wa kisayansi!

(Bwana Gershom, akisimama: "Mwenyekiti, hii moshi mbona inanukia hivi? Hii ni petroli ya aina gani?")

Bwana Gershom, umenusa vyema kuliko senza yenyewe! Umenusa kama mtu aliyesoma! Ndugu zangu, msicheke, mnajitia aibu, hapo ndipo ulipo ushindi wenyewe. Petroli ikizidi, moshi unanuka. Hewa ikizidi, moshi unanuka. Lakini vikikutana sawasawa, kumi na nne na nukta saba kwa moja, moshi unakuwa, vipi niseme, unakuwa na adabu. Unatoka kama bibi harusi! Hii ndiyo injini ya kwanza Afrika Mashariki kutoa moshi wa kufukizia nguo na kwenda nazo karamuni. Akina mama, leteni leso zenu mzifukize hapa bure, huduma kwa jamii! Naam, njooni, njooni!

(Wanawake wawili wanakuja kweli, wanatandaza leso zao mbele ya bomba. Kicheko kinazidi. Rama anafunika uso kwa koti.)

Mnaona? Wananchi wameanza kufaidi matunda ya mradi hata kabla ya utepe kukatwa! Andika hilo, Bwana Gershom! Yakhe, mimi leo nitapaa! Nasema mtanitafuta juu ya minazi! Nilipokuwa mtoto nilisema nitakuja kuwa mtu mkubwa, na watu walinicheka kama hivi mnavyonicheka sasa, na nikalia sana, lakini leo nawatazama mnacheka na sioni uchungu hata chembe, kwa sababu katika maisha yangu yote sijaona watu wengi hivi wakiwa na furaha kwa ajili yangu. Hewa!

(Umati, ukicheka: "Udi!")

Mafuta! Jibuni mafuta! Hewa!

(Bi Mwanatatu amesimama. Hacheki. "Faki! Mwanangu yuaumwa! Uchungu umeanza! Fungua mlango utoe gari!" Kicheko kinakatika. Dhahabu ameinama, leso ameiuma kwa meno.)

Yu... anaumwa sasa? Sasa hivi, mama? Si nilisema baada ya soda.

(Bi Mwanatatu: "Uchungu haungoji soda! Fungua!" Umati: "Fungua! Fungua!" Bwana Gershom amefika mlangoni na kushika kufuli.)

Bwana Gershom, naomba usi... Ngojeni kidogo. Ngojeni jamani. Hotuba hii ina kurasa nyingi zilizobaki, zikiwemo Changamoto, Mafanikio, Mafanikio Zaidi, na shairi fupi nililojisifia mwenyewe ili kuokoa muda wa washairi. Naziruka. Naziruka zote, mnaona, natupa chini. Naenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa Shukrani. Dhahabu mwanangu, nivumilie, ni shukrani za haraka, na kila ninayemshukuru atasimama afanye kazi papo hapo.

Kwanza namshukuru Rama, ambaye si opereta wa kompyuta. Rama ni dereva, na koti hilo tumeliazima kwa muuza nyama, ndiyo maana doa lile. Rama, vua koti. Ufunguo wa gari u mfukoni mwako. Kimbia! Gari liko nyuma ya nyumba yangu, hapo ng'ambo ya barabara, chini ya turubai, ambako limekuwapo miezi yote minane, likitoka alfajiri tu kunichukulia matofali kutoka Miritini ya kuongezea chumba cha wageni. Leo limejaa matofali hayo. Nawashukuru sana vijana wote wenye nguvu ambao sasa hivi wanamfuata Rama kwenda kuyashusha. Yatupeni popote! Yatupeni kwenye kuku wangu!

(Vijana wanatimka. Kelele. Bi Mwanatatu: "Njia ya mwongo fupi, Faki!")

Fupi mno, mama, nami nimeshafika mwisho wake, sina pa kuendelea. La pili, nalishukuru gazeti la Kiingereza ambalo mama muuza viazi karai alinifungia viazi vyangu. Nilipomaliza kula nikasoma. Lilikuwa limeandika habari za watu wa mbali wanaonasa hewa na mafuta ya injini na kuyahifadhi kwenye kompyuta, na wallahi, moyo wangu uliruka. Nilipenda! Nililia kwa kupenda! Nikawaza, Likoni yetu, sisi tunaosubiri kivuko kila siku kama tumezaliwa kusubiri, na sisi tuwe na kitu kinachohifadhi. Nusu ya pili ya habari ilikuwa imelowa mafuta ya viazi, haisomeki, na hiyo nusu nadhani ndiyo ilikuwa inaeleza jinsi ya kufanya. Nikaandika ripoti kwa nusu niliyokuwa nayo. Makao makuu wakajibu kwa pongezi. Ningerudishaje pongezi?

Namshukuru fundi seremala, aliyetengeneza kompyuta kwa mbao za sanduku la chai na kuipaka rangi ya maziwa. Imependeza sana. Haina kitu ndani ila mende. Namshukuru karani wa bandarini aliyeniazima floppi hii. Ameniomba nimrudishie kabla ya saa kumi, ina hesabu za mtu. Namshukuru fundi mwashi kwa bomba, ambalo upande wa ndani halikushikana na gari lolote, na kwa chumba, ambacho ni kidogo kuliko pikapu, na nashangaa miezi minane yote hakuna hata mmoja wenu aliyekipima kwa macho. Mabibi na mabwana, kwa heshima na taadhima, mradi huu haupo. Senza haipo. Data haipo. Lisemwalo lipo, wahenga walisema, na kama halipo laja. Nilikuwa nangoja lije.

(Kutoka ng'ambo ya barabara, sauti ya injini inayokohoa, inazima, inakohoa tena.)

Hilo! Hilo gari! Mnalisikia? Halikuwaka! Bwana Gershom, mheshimiwa, achana na kufuli, vua koti usaidie kusukuma, wewe leo umeshazoea kukataliwa na gari! Sukumeni! Upande wa nyuma, Rama akanyage mafuta! Hewa!

(Umati wote, ukikimbia: "Gari!")

Hewa!

("Gari!" Injini inashika. Pikapu inaingia uwanjani ikitoa moshi mweusi tititi. Bwana Gershom anatoka nyuma yake akiwa na uso mweusi na meno meupe, anacheka. Vigelegele vinapasuka, kweli safari hii.)

Mweusi! Tazameni ulivyo mweusi! Mzuri ulioje! Haujapimwa, haujahifadhiwa, haunukii, na mimi sijawahi kuona moshi nikaupenda hivi! Mlazeni Dhahabu. Polepole. Godoro, nani ana godoro? Chukueni mito ya viti vya waheshimiwa, yote, waheshimiwa inukeni! Mama Mwanatatu, kaa karibu na kichwa chake. Unisamehe ukinisamehe, usiponisamehe nitakuja kesho kuomba tena, na kesho kutwa. Rama, piga honi tangu sokoni, kivukoni watapisha, hili gari wanalijua. Bwana Gershom, kikombe chako kiko hapo mezani hakijaguswa. Kitie kwenye gari, mgonjwa atahitaji kitu cha kunywea maji.

Na mwisho wa shukrani, namshukuru mke wangu Mwanatabu, ambaye yumo ndani ya chumba hiki tangu asubuhi, nimemfungia na kufuli, akiwa na chetezo cha makaa. Nilimwachia matambara yaliyochovywa kwenye oili chafu, ayachome nikigonga meza. Nilipogonga mara ya kwanza hakuchoma, maana alikuwa anafikiri. Mke wangu ni mtoto wa watu. Amelelewa akijua kwamba mgeni hapokewi kwa uvundo, na aliona aibu, mimi nisiyeona aibu, kumpulizia mgeni wa mbali moshi wa matambara. Akatia udi wake wa harusi, wa mwisho aliokuwa nao. Ndiye aliyeniangusha, na ndiye mtu pekee katika mradi huu aliyefanya kazi yake sawasawa. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Anafungua kufuli. Mlango unafunguka, na moshi mtamu unamfunika.)

Mwanatabu, toka mke wangu, na usikizime chetezo. Panda garini. Dhahabu akijifungua, kuna mzazi wa kufukizwa ng'ambo.